Amina ya Haraka

Mzee Hekima alikuwa na kipaji cha kumwomba Mungu ushauri na kumjibia papo hapo. Waumini wa kanisa lake walimpa jina hilo la Hekima kwa heshima. Mkewe alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya limau. Kwa miaka mingi alikuwa akimsikia akiomba, kupitia kidirisha kilichotenganisha jiko na sebule, na hakuwahi hata siku moja kumsikia Mungu akipingana na mume wake. Mzee aliomba kama mtu anayepiga simu na kukata kabla haijapokelewa. Kisha aliwageukia wageni na kuwaeleza alichoambiwa, nacho kilikuwa kile kile alichokisema mezani asubuhi, huku akitafuna mkate.

Ijumaa alasiri alikuja fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamume mwenye mikono iliyojaa alama za cheche. Ndiye aliyetengeneza bembea mpya ya shule ya chekechea ya kanisa, ambayo Askofu angeizindua Jumapili. Alikaa ukingoni mwa kochi, soda mkononi, na ikamchukua muda kutoa lililomleta.

"Mzee, ile bembea. Viungo vya juu sikuvigonga."

"Kuvigonga ndiyo kufanyaje?"

Fundi akaeleza. Ukishaunga chuma kwa moto, juu ya mshono hubaki ganda jeusi. Lazima uligonge kwa nyundo lidondoke, ndipo uone kama chini yake chuma kimeshikana au pana tundu. Siku ile umeme ulikuwa unakatikakatika na kamati ya Mzee haiachi kumpigia simu, basi akapaka rangi juu ya ganda.

"Huenda ni nzima kabisa," alisema. "Ila sijui, Mzee. Naomba tuahirishe, niikwangue rangi nitazame."

Jikoni, mkewe alifunga bomba ili asikie vizuri.

"Tuombe," alisema Mzee Hekima.

Akaomba kwa sauti nzito, akamtaja mfalme Sulemani, akaidai hekima itokayo juu kama mtu anayedai chenji yake. Akasema amina, na bila hata kumeza mate akaanza kushauri. Askofu hapangiwi safari mara mbili. Wafadhili watakuwepo. Hekima, mwanangu, ni kujua wakati: Jumapili tuzindue, Jumatatu uje kimya kimya na nyundo yako.

"Watoto wenyewe wepesi kama vifaranga," alisema. "Na wa kwanza kupanda ni mjukuu wangu. Mimi nimtie hatarini mjukuu wangu?"

"Hapana, Mzee."

"Basi. Roho yangu ina amani."

Ingekosaje amani? Roho ile haijawahi kusumbuliwa na swali tangu izaliwe. Fundi akamaliza soda yake, akatoka akitembea kama mtu aliyetuliwa gunia. Kule jikoni Mama, mke wa Mzee, alimsindikiza kwa macho akamdharau naye pia. Hakuja kutafuta hekima yule. Alikuja kutafuta ruhusa, na katika nyumba hii ruhusa ilitolewa pamoja na soda.

Aliingia sebuleni akifuta mikono kwa khanga. "Mzee, bembea hiyo isipandwe."

"Siku hizi unasikiliza mambo ya kamati?"

"Kidirisha hakina pazia. Isipandwe."

"Tumeshaliombea, mke wangu."

"Umeomba. Hujasikiliza."

Mzee akacheka kwa upole, kile kicheko alichowawekea watoto na wanawake. "Nenda kaangalie maharage. Yataungua."

Maharage yalikuwa salama. Hata hivyo alirudi jikoni, na huko akapata akili yake mwenyewe: Jumapili atasema mjukuu ana mafua. Atamfunga kitambaa shingoni, abaki naye nyumbani, yaishe. Ilikuwa akili safi isiyo na ugomvi, na alishaanza kuifurahia alipogundua kuwa imetoka kiwanda kile kile cha mumewe. Mjukuu wake angekaa kitandani salama na mtoto wa jirani angepanda. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Aliona haya, kisha akaona hasira kwa sababu ya kuona haya. Miaka yote hiyo amemdharau mumewe kupitia kidirisha, na dharau haikuwahi kumtoa jasho hata tone.

Akavuta kigoda, akakaa. Hakujua aanzie wapi, maana maneno yote mazuri mumewe alikwisha kuyatumia.

"Baba, sijui nifanye nini," alisema, akanyamaza.

Maharage yalitokota. Hakuna sauti iliyokuja. Alingoja kwa ukaidi, akijiona mjinga, na taratibu ile hofu ya kuonekana mjinga ndiyo iliyotangulia kumtoka. Lililobaki lilikuwa jambo dogo, halina ujanja wowote ndani yake: kama kuna mtu wa kuijaribu bembea ile kabla ya watoto, ni yeye mwenyewe. Hakulipenda hata kidogo. Ndiyo maana aliamini halikutoka kichwani mwake.

Jumamosi alimfuata fundi kwenye karakana yake. "Chukua nyundo twende."

"Mama, funguo za geti anazo Mzee. Tena ameshaliombea jambo hili."

"Nawe umeridhika?"

Fundi akashusha miwani yake myeusi ya kazi usoni, ingawa hakuwa anachomelea kitu.

"Sawa," alisema Mama. "Kesho wa kwanza kupanda ni mimi. Uje unitazame."

Jumapili bembea ilisimama uwanjani ikiwa nyekundu, imefungwa utepe. Askofu akaukata. Mzee Hekima akamshika mjukuu wake mkono, kigauni cheupe, soksi nyeupe, akaanza sala ya kumkabidhi. Kabla hajafika kwenye amina, mkewe alimpita, akaweka mkoba wake chini na kukaa kwenye bembea. Alikuwa mwanamke wa kuujaza mlango. Minyororo ikalia.

"Bibi, ni zamu yangu," alisema mtoto.

"Najua, mjukuu wangu. Ngoja kwanza."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wanakwaya wakafichana nyuso mabegani. Askofu alitabasamu tabasamu la mtu ambaye jambo hilo halimo kwenye ratiba yake. Mzee akainama sikioni mwa mkewe.

"Unaniaibisha mbele za watu. Umepungukiwa na akili?"

"Zako zimezidi, Mzee. Akili nyingi huondoa maarifa."

Akaisukuma ardhi kwa miguu. Aliogopa, aliogopa sana, na kicheko kile kilimchoma kuliko alivyotazamia. Lakini macho yake hayakuondoka kwa fundi, aliyesimama nyuma ya viti akikiangalia kile kiungo cha juu. Alibembea mara moja. Mara ya pili kitu kikaalika juu ya kichwa chake.

"Mama, shuka." Ilikuwa sauti ya fundi. "Tafadhali, Mama, shuka. Haijagongwa hiyo."

Mama akashuka. Fundi akaja akisukuma watu, akapanda juu ya kiti, akatoa nyundo kutoka ndani ya koti lake. Ina maana alikuja nayo. Alikaa nayo ibada nzima, ikimkandamiza ubavu, na kama si mwanamke mzima kujifanya kichekesho angekaa nayo mpaka mtoto aanguke. Akagonga. Rangi ikadondoka pamoja na ganda kama ganda la yai, na chini yake palikuwa na uwazi wa kupitisha kidole. Akagonga tena, na ncha nzima ya bomba la bembea ikachomoka. Mnyororo ukaanguka mchangani. Hakuna aliyecheka tena, na mama mmoja alimvuta mwanawe mpaka mtoto akalia.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Mzee Hekima. "Baba Askofu," alisema, "jambo hili tuliliombea nyumbani kwangu Ijumaa. Bwana ametufunulia."

Na Askofu akamshika mkono kumpongeza.

Jioni walikaa mezani wawili, chakula kikifuka mvuke. Mzee akafumba macho. Akashukuru kwa hekima waliyojaliwa, akashukuru kwa kutumiwa kama chombo, akavuta pumzi ya amina. Mkewe akamwekea mkono juu ya mkono.

"Bado."

"Bado nini?"

"Usiseme amina. Tungoje."

"Tungoje nini?"

"Ajibu."

Mzee alingoja kidogo, kisha akafungua jicho moja kumtazama. Jibu mkewe alikuwa nalo, la moto, limejaa mdomoni: akawaombe radhi wazazi wa watoto wale, akamwombe radhi fundi, na lile jina alirudishe kwa wenyewe. Lingekuwa tamu kulitamka. Angefungua mdomo tu, na Mungu naye angekuwa amekubaliana naye kwa kila neno. Akaung'ata ulimi wake.

Chakula kikapoa. Mumewe alilifumba tena lile jicho, na chini ya kiganja chake alisikia mkono wa mzee yule ukigeuka taratibu, ukafunguka kama wa mtu anayengoja kupewa. Hakuna aliyesema amina.