Maji ya Montesquer

Dalmau wa Rocafiguera alikwisha kuteka ngome kumi na moja maishani mwake, lakini hii ya kumi na mbili aliijenga mwenyewe. Montesquer ilikuwa zawadi yake kwa binti yake Saurina siku alipoolewa. Sasa Galceran, mume wa Saurina, alikuwa amemwasi mfalme, na mfalme akamtuma baba mkwe akamtoe.

Wiki saba waliizingira. Mawe ya manjaniki, ile mitambo ya kuvurumisha mawe, yalizikwaruza kuta tu, na kambini askari wakaanza kuharisha damu.

"Mkuu, umejenga vizuri mno," alisema Bonanat, mnadhimu wake, mtu wa maneno makavu. "Ungeilipua kazi kidogo tu, saa hizi tungekuwa kwetu."

Dalmau hakucheka. Alijua mfereji wa kuingiza maji ngomeni unapita wapi chini ya mizeituni, na waashi waliouchimba walikwisha kufa wote. Alikaa na siri hiyo kifuani siku tatu. Kisha ikaja barua ya mfalme, ikiuliza kama mzee amechoka au ameingiwa na huruma. Asubuhi ileile akamwonyesha Bonanat pa kuchimba.

Siku ya nne baada ya mfereji kukatwa, Saurina alitokea juu ya lango.

"Baba! Birika la maji la ngome limekauka. Ni wewe?"

"Toka na mtoto, mwanangu. Hakuna atakayewagusa."

"Na Galceran?"

Dalmau akageuza macho kwenye mizeituni.

"Si nimekuuliza, baba?"

"Galceran ni wa mfalme."

"Basi na sisi ni wa Galceran." Akashuka, asionekane tena.

Zikapita siku tano. Lango lilipofunguka, Galceran alitoka peke yake, midomo imepasuka, akamkabidhi Dalmau upanga.

"Nimechelewa siku moja," alisema.

Dalmau hakumwelewa mpaka alipoingia kanisani mwa ngome. Elisenda, mjukuu wake wa miaka minne, alikuwa amelazwa juu ya benchi. Walimnywesha tope lililobaki birikani, na tumbo likammaliza. Saurina alikuwa akimchana nywele. Dalmau, bila kufikiri, akafungua kiriba chake cha maji, akamnyooshea binti yake.

Saurina akakitazama.

"Sasa?" akasema.

Galceran alikatwa kichwa kabla ya Kwaresima. Mfalme akamrudishia Dalmau Montesquer, na cheo juu yake. Saurina akaingia utawani, na kila Pentekoste baba yake alipanda farasi kwenda kumwona. Kila mwaka mtawa wa dirishani alimjibu: "Anasali, bwana."

Mwaka wa sita mtawa alisita.

"Bwana, afadhali usije tena. Akisikia kwato za farasi wako, hali chakula siku mbili."

"Kasema hivyo mwenyewe?"

"Hasemi kitu. Tunaona tu."

Dalmau alishukuru. Hakupanda farasi. Alimshika hatamu akamwongoza kwa miguu juu ya majani, polepole, mzee wa miaka sitini na sita mwenye goti bovu, mpaka walipovuka kilima cha pili, ambako utawani wasingeweza kusikia. Hapo ndipo alipopanda.