Ukurasa Usio na Nta

Miaka minne shemasi Eustratios aliwasomea watu Injili bila kuona hata herufi moja, na hakuna aliyejua. Kitabu chao kilipangwa siku kwa siku, kila ibada na somo lake, na kila somo lililozoeleka lilikuwa na matone yake ya nta ya mishumaa, yenye mpangilio wake, yaliyoganda kwenye kurasa za ngozi tangu enzi za mababu. Alipapasa nta kwa kidole gumba, akaitambua siku, kisha akaimba kwa kichwa.

Asubuhi ile ardhi ilitetemeka. Kanisa lao lilichongwa ndani ya mwamba, na vumbi lilikuwa bado likiwamwagikia watu vichwani pale askofu, aliyekuwa mgeni wao, aliposema, "Shemasi, liache somo la leo. Tusomee lile la tetemeko."

Somo hilo lilikuwa huko mwisho wa kitabu, na hakuwahi kulisoma maishani. Akafunua, akapapasa. Ngozi laini, safi kama shavu la mtoto mchanga.

"Vipi, mzee?" alinong'ona Sisinios, mshika mshumaa, aliyeitamani nafasi yake ya kusoma kwa miaka kumi. "Leo kitabu kimekuwa bubu?"

"Sogeza mwanga."

"Nikisogeza zaidi nitakuunguza ndevu."

Mwamba ukanguruma tena. Mwanamke akapiga yowe.

"Soma, mwanangu!" askofu akahimiza.

Kisa chenyewe alikijua: mashua, dhoruba, Bwana amelala. Angeweza kuungaunga maneno. Lakini watu wale walisimama chini ya jiwe lililopasuka, wakingoja neno lenyewe, si la kubuniwa na mzee anayeogopa kunyang'anywa kazi.

"Baba Askofu," alisema kwa sauti, "macho yangu yamekufa. Mwaka wa nne huu."

Kisha bibi mmoja akauliza, "Na Pasaka je?"

"Kwa kichwa, mama."

Akampa Sisinios kitabu, akamwomba mshumaa. Sisinios, kejeli zote zimemkauka, akaanza kuimba haraka haraka.

"Polepole," Eustratios akamwambia. "Hapo pandisha sauti."

Ardhi ikatikisika, kidogo kuliko mwanzo. Hakuna aliyekimbia. Somo lilipoisha, Eustratios alitafuta ukingo wa ukurasa kwa kidole, akainamisha mshumaa.

"Mzee, nta!"

"Acha idondoke. Na wewe utazeeka."