Mtoto Hatapishwi

Mwalimu wa semina alimlaza mwanasesere wa plastiki mezani.

"Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi," alisema. "Mafuta yakipanda, yanaingia mapafuni. Hapo ndipo mnampoteza."

Wauguzi waliandika. Yule wa wodi ya watoto, mwenye miaka kumi na mmoja kazini, aliweka kalamu chini. Wiki sita nyuma alikuwa amemtapisha binti wa miaka miwili kwa maji ya chumvi, kama alivyowakuta wakubwa zake wakifanya. Mama wa mtoto ndiye aliyeshika beseni, akisema, "Ahsante, sista." Jioni walimfunika shuka.

Wenzake walipotoka kunywa chai, alimfuata metroni ofisini.

"Mama, jambo hili mlilijua?"

"Waraka ulikuja mwaka juzi. Na semina ilikuwepo."

"Alikwenda nani?"

"Karani wa stoo na katibu wangu. Ningewatoa ninyi, wodi ingebaki na nani?" Metroni alishusha sauti. "Mwanangu, yaliyopita si ndwele. Cheti cha kifo kinasema nimonia. Ukilichokonoa, utaungua peke yako."

Alimaliza semina, akapigwa picha na wenzake. Lakini akimwogesha mwanawe nyumbani, mikono yake ilimhisi yule binti: shingo nyembamba, nywele zilizolowa.

Jumamosi alikwenda kwa mama wa binti yule. Alijiambia anakwenda kumpa pole tu. Alimkuta uani akifua na jirani yake.

"Huyu ndiye sista niliyekwambia," mama alimwambia jirani, akimpangusia mgeni kigoda. "Alihangaika na mwanangu hadi mwisho. Wangu siku zilikuwa zimefika, sista, ila mtoto wa jirani huyu tumemuwahi. Jana kabugia mafuta ya taa, nikamkorogea chumvi palepale, kama nilivyokuona. Akatapika yote."

"Yuko wapi?"

"Ndani, kalala," jirani alijibu. "Ana mafua kidogo."

Muuguzi aliingia, akamfunua mtoto kifua. Mbavu zilikuwa zikididimia kwa kila pumzi.

"Tunampeleka hospitali sasa hivi," alisema, akimbeba. "Na msimtapishe tena mtoto aliyekunywa mafuta. Mafuta yanaingia mapafuni, yanamuua."

Jirani alikwisha shika njia. Yule mama alibaki amesimama, maji yakimchuruzika viwikoni. Kisha akavaa ndala, akawafuata.

Muuguzi alikaza mwendo. Nyuma yake alisikia ndala zikikaribia, na sauti ile ile ya adabu:

"Sista. Na wangu?"