Papai na Masikio ya Seli

Wewe, umewahi kulainisha nyama kwa papai halafu ukaisahau? Mimi niliisahau Jumamosi moja, na kusahau kwangu kukamfaa mjukuu wangu.

Tunamwita Chiriku, kwa maneno mengi aliyokuwa nayo utotoni. Siku hizi yuko maabara, na amepanga chumba karibu na kazini. Siku ile aliingia kimya, akakaa kwenye kigoda na mkoba bado begani.

"Mke mwenzangu, nani kakuudhi?"

"Seli, Bibi."

Nikamwambia anieleze polepole, mimi niliishia darasa la saba. Akasema mishipa ya fahamu hutuma vijumbe vidogo mwilini, na seli za kinga, wale askari wetu, zina vipokezi juu ya ngozi yao vya kuvidaka. Kwangu mimi aliviita masikio. Alikuwa akilinganisha askari wa kwenye damu na wa kwenye tonsili za kooni, zile walizokatwa wagonjwa hospitalini wakaridhia zichunguzwe. Wa damu walikuwa na masikio. Wa tonsili, viziwi watupu.

"Si ndilo jibu lenyewe hilo?"

"Mkuu wangu haamini. Nisipompa sababu Ijumaa, kazi anampa mwingine. Miaka miwili, Bibi!"

Nikampa maji, nikafunua bakuli la nyama. Papai lilikuwemo tangu alfajiri. Nyama ilikuwa na utelezi, ukiigusa inabaki kidoleni.

"Hii si nyama tena, ni uji!" Akacheka, japo kidogo.

"Nilitaka lilainishe tu, limekula mpaka ngozi. Hivi nyie hao askari mnawatoaje kwenye tonsili? Mnaitwanga?"

"Tunaikatakata, tunaitia kimeng'enya, dawa ya kulainisha nyama, inawaachia."

"Na damu mnaitia hicho?"

"Damu ya nini, Bibi? Yenyewe ni maji..." Akainamia bakuli kama anayesoma barua. "Papai nalo lina kimeng'enya. Jamani! Masikio nimeyakata mwenyewe."

"Usijihukumu mapema. Itie na damu dawa hiyohiyo, uone."

Akaondoka bila kula.

Alhamisi mchana akarudi, na kabla hajavua viatu alishaanza kusema. Alikuwa ameitia damu kimeng'enya, masikio yakapukutika. Akachukua tonsili mbichi, akaisugua kwenye chujio taratibu kwa mkono, bila dawa yoyote. "Wakatoka na masikio yao, Bibi! Masikio ya aina moja ni mengi kuliko ya wale wa damu, ya aina nyingine ni machache. Mkuu kasema niendelee."

Nikapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Kisha nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Chiriku akaenda chumbani kwake kwa zamani kuweka mkoba, akarudi ananitazama.

"Mashuka mapya. Na sakafu imefagiwa."

"Nafagia kila Jumatatu."

"Chumba asicholala mtu?"

"Vumbi haliulizi."

Akanipokonya kisu, akaanza kukata yeye, vipande vinene visivyolingana.

"Bibi, kila nikija unaniuliza nani kaniudhi. Mimi sijakuuliza hata siku moja. Wewe unataka nini?"

Nikafuta macho kwa upindo wa kanga, nikavisingizia vitunguu. Halafu nikaacha kusingizia.

"Nataka urudi hapa, mjukuu wangu. Nimechoka kupika sufuria ya mtu mmoja."