Sakafu ya Kiwanda cha Mabehewa

Vumbi la kile kiwanda halikuwa vumbi la barabarani. Lilikuwa vumbi la chuma, zito, lenye harufu ya sarafu iliyoshikwa mkononi muda mrefu. Miaka kumi na tisa tangu mabehewa yaache kuundwa mle, na bado lilikuwa halijakubali kutua. Jua likipenya kwenye matundu ya paa, vumbi lilipanda katika ule mwanga, likashuka, likapanda tena, halina haraka, halina ajira.

Na kila asubuhi, chini ya mwanga huo, alikuwepo mzee mmoja na ufagio.

Walimwita Mzee Springi, maana kazi yake ya ujana, ya utu uzima na ya ndoto zake zote ilikuwa kufunga springi chini ya mabehewa. Hakuna aliyemwajiri kufagia. Mlinzi alimfungulia geti kwa mazoea, kama mtu anavyomfungulia paka. Alifagia kutoka mlangoni hadi ukutani, akaegemea ufagio, akasema, kitarudi. Hakumwambia mtu. Aliiambia sakafu.

Kitarudi, alisema mwaka wa kwanza, geti lilipotiwa kufuli. Kitarudi, alisema mwaka wa tano, alipokataa kazi nzuri ya kutengeneza malori. Mwaka wa kumi na moja wauza vyuma chakavu walikuja kuing'oa mashine ya kukunjia mabati, nao walitoka nayo jioni, vipande vipande. Akasema, afadhali, wataleta mpya. Mtu akishaamua kungoja, hata mazishi huyaita maandalizi.

Mkewe hakungoja. Mkewe ni Mama Milango, naye jina hilo alilipata mle mle kiwandani, kwa kuwa milango yote ya mabehewa ilipita mikononi mwake kabla haijapita abiria. Kiwanda kilipofungwa alilia siku mbili. Siku ya tatu akanawa uso, akakodi kibanda chenye sakafu ya saruji nyuma ya soko, akaanza kutengeneza mageti. Mume alimpelekea chakula pale kila mchana, miaka yote kumi na tisa mfululizo, akakaa, akatazama, akaondoka. Hakushika hata msumari. Mkono wake, alisema, ni wa treni.

Basi ukaja ule mwaka wa wageni.

Mdogo wake Mzee Springi, mwenyekiti wa kamati ya waliokuwa wafanyakazi, ndiye aliyeleta habari, anahema. Ipo kampuni inataka kukifufua kiwanda. Wana michoro ya zamani, wana nguvu, wana nia. Wanachotaka kuona ni kama mikono bado ipo. Ndani ya karakana lilibaki behewa moja ambalo halikukamilika, bila milango, midomo wazi. Watundike mlango mmoja, ukifunga vizuri, mazungumzo yataendelea.

"Shemeji, ni wewe," akasema mwenyekiti. "Tuko kwenye mikono yako."

"Mikono yangu ina mageti sita ya watu," akajibu Mama Milango. Lakini alikwenda.

Alikwenda siku tisa. Tupa na chuma, chuma na tupa, mbele ukikata, nyuma ukipumua. Alipima, akasugua, akauinua mlango, ukakwama, akaushusha, akasugua tena. Mzee Springi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimtazama, na kwa siku zote tisa uso wake ulikuwa wa kijana. Mama Milango aliuona uso ule, ukamuuma. Maana alikuwa anajua jambo, na mume alikuwa analijua pia.

Jambo lenyewe ni hili, na watu mia nne walilijua huku ofisi ikijifanya hailijui. Sakafu ya karakana ilikuwa imelala. Mwaka wa tatu wa kiwanda, baada ya mvua nyingi, upande wa kushoto ulididimia upana wa vidole viwili. Behewa lililojengwa juu yake lilipinda kidogo, na nafasi za milango zikapinda nalo. Fundi mmoja kijana alikwenda kumwambia msimamizi. Msimamizi akamsikiliza vizuri, akamwambia, "Sakafu ni ya wakubwa. Tupa ni yako."

Neno likawa sheria. Wa milango walisugua milango mpaka ikapinda sawasawa na behewa. Wa madirisha wakafanya hivyo hivyo. Na chini kabisa, Mzee Springi aliweka kipande cha bati chini ya kila springi ya kushoto, ili behewa likitoka nje lisimame wima mbele za watu. Hakuna mlango ulioingia behewa la mwenzake. Hakuna abiria aliyegundua. Waliita huo ufundi, na ulikuwa ufundi kweli. Yule kijana aliyekwenda kwa msimamizi alikuwa yeye, Mzee Springi, na hakurudi tena kusema.

Asubuhi ya wageni alipiga shati pasi mwenyewe, akalikunja kola mara tatu.

"Wakikuuliza, sema tunaweza," akamwambia mkewe.

"Wakiniuliza nini?"

"Chochote."

Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mhandisi mwanamke, mpole, mwenye viatu vilivyozoea matope. Alishika mkono wa mlango, akavuta. Mlango ukaja bila kelele. Akausukuma. Ukaingia mahali pake ukatulia. Wazee kumi na mmoja waliobaki wakapiga makofi, na mwenyekiti akafuta macho kwa tai aliyoiazima.

Mhandisi akatandaza mchoro juu ya ndoo. Milango mia mbili, akaeleza, itaundwa kwingine kwa mashine, yote sawa, kufuata karatasi hii. Hapa mtajenga mabehewa na kuifunga tu. Kisha akamgeukia Mama Milango. "Mama, wewe ndiye uliyeufunga huu. Niambie bila kuniogopa. Kiwanda hiki kinaweza kurudi?"

Mzee Springi alimtazama mkewe. Hakumkonyeza, hakutikisa kichwa. Alimtazama tu, na miaka kumi na tisa ilikuwa machoni pake, imesimama foleni.

Mama Milango alimpenda mumewe. Hilo lisemwe wazi, maana baadaye watu walisema hakumpenda. Alimpenda akiwa na ufagio na akiwa na bati. Njia nyepesi ilikuwepo, neno moja, na baada ya neno hilo angepata mume mwenye furaha kwa miezi sita, saba, mpaka siku ya kushusha milango mia mbili kwenye lori.

"Hiyo milango yenu hautaingia hata mmoja," akasema.

Kisha akawaambia yote. Kushoto, vidole viwili, tupa, bati. Alitaja bati. "Kurudi kinaweza," akamalizia. "Vunjeni sakafu kwanza. Ila mkishaivunja, sisi hatutawafaa sana. Sisi tunachojua ni kuizoea."

Mhandisi alipiga magoti, akapima, akaandika, akashukuru kwa heshima. Mzee Springi akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akaokota ufagio wake, akautegemeza ukutani taratibu, akatoka nje kwenye jua.

Barua ilikuja baada ya wiki tano, mistari minne. Kampuni itajenga kwingine, kwenye ardhi mpya.

"Shemeji, umetuzika," mwenyekiti akasema mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Mimi nimesoma tu jina kwenye kaburi, shemeji. Karibu chai." Hakukaribia.

Majirani walimnunia. Mficha maradhi kifo humuumbua, watu husema hivyo na wanakubali kwa vichwa, lakini anayeyataja maradhi ndiye hulaumiwa kwa kifo. Alilizoea hilo upesi. Asichokizoea kilikuwa ukimya wa nyumbani. Mzee Springi aliamka, alisalimia, alikula, alilala. Hakwenda kufagia. Hakupeleka chakula sokoni. Mama Milango alijikuta analisubiri lile neno lililomchosha miaka yote, kitarudi, alisikie hata kwa kunong'onezwa, naye angelipokea kwa mikono miwili. Halikuja.

Jumatatu ya wiki ya tatu baada ya barua, katikati ya kazi, alimwona amesimama mlangoni pa kibanda. Mkononi alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kitambaa. Mafundi wake wawili wakaacha kuchomelea.

Mzee hakusalimia. Alipiga magoti kwa shida, goti moja, kisha la pili, akafungua kitambaa, akatoa pimamaji. Akailaza sakafuni. Kiputo cha hewa ndani yake kikatembea, kikapita mstari wa katikati, kikaenda kukaa pembeni.

"Imelala, mke wangu."

"Sakafu yangu?"

"Kidole kimoja, na nusu."

Mama Milango alisimama na glavu zake. Alikumbuka wateja waliorudi kulalamika kwamba geti linajifungua lenyewe, na jinsi alivyowaambia, miaka yote hiyo, kwa kujiamini kabisa, kwamba kuta zao zimepinda.

"Umejua lini?"

"Siku ya kwanza niliyokuletea chakula." Hakuinua macho. "Niliona ni yako. Si yangu kuisema."

Angeweza kukasirika, na sababu alikuwa nayo. Badala yake alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyebanwa, kisha machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Akawaambia mafundi wake wayatoe mageti yote nje, leo hakuna kulehemu.

"Nyundo kubwa iko nyuma ya mapipa," akamwambia mumewe. "Anzia kushoto."

Mzee Springi akavua shati lake, akalitundika kwenye msumari, akaenda kuitafuta nyundo.