Nafasi Kando ya Rodion

Velta alikuwa anapiga reki mchanga wa makaburini, akirudi kinyumenyume kuelekea lango ili asiache unyayo nyuma yake, pale Alfons mchimba makaburi alipomletea habari iliyomkata maini.

"Mama Velta, kumbe mkwe wako anahama?"

"Nani, Glafira? Anahamia wapi, na nyumba ameipaka rangi juzi tu?"

"Siyo nyumba hiyo. Nasema ile ya mwisho. Kaja kuniuliza kama nafasi ipo kule ng'ambo ya ziwa, kwenye makaburi ya Warusi. Nikamwambia zipo tele, kule watu hawagombanii. Kaniomba nimwekee moja chini ya msonobari."

Velta aliegemea mpini wa reki akatazama mahali palipokuwa wazi kando ya kaburi la Rodion. Rodion alikuwa mtoto pekee wa Glafira, na mume wa Ilga, binti pekee wa Velta. Moyo ulimsimama akiwa chini ya trekta la watu analitengeneza, kijana mzima asiye na ugonjwa. Velta ndiye aliyesema azikwe hapa, kwenye eneo la ukoo wake, na siku ileile akamshika Glafira mkono akamwambia: hapa kando ya mwanao ni pako, hapaguswi na mtu. Baadaye Ilga alishindwa kulala kwenye nyumba yenye viatu vya mumewe mlangoni, akaenda kufanya kazi Ayalandi. Wakabaki mabibi wawili, mmoja Mlatvia na mwingine Mrusi, na kati ya nyumba zao njia ya mchanga isiyoota nyasi kwa jinsi walivyokuwa wanatembeleana.

Mwaka huu ilikuwa imeota nyasi.

Walikuwa wamezoea kugombana, hilo lisikushangaze. Ugomvi wao ulikuwa kama chumvi kwenye matango yao. Glafira alikuwa akija kumwona mwanawe na mayai ya kuchemsha na peremende, anakaa, anakula pale pale kaburini kama walavyo kwao, anamwachia marehemu fungu lake, kisha anaondoka akikanyaga mchanga wote uliopigwa reki. Velta anauliza kwa sauti ni ng'ombe wa nani aliyepita hapa. Wakirudi nyumbani na kumimina kahawa, wanahamia kwenye vita. Velta anasema vita vilianza mwaka thelathini na tisa, Stalin na Hitler walipotia saini na kugawana majirani zao, Poland hii nusu yako hii nusu yangu, na Latvia ikaangukia kwa Stalin. Glafira anasema vilianza arobaini na moja, Hitler alipotuvamia, na kabla ya hapo ilikuwa siasa tu ya wakubwa. "Siasa!" anasema Velta. "Baba yangu alikufa kwa siasa!" Halafu mmoja anauliza kama keki imebaki.

Lakini mwezi wa tano ulimi wa Velta uliteleza. Vuli iliyotangulia minara ya kumbukumbu ya askari wa Kisovieti ilibomolewa nchi nzima, na ule wa mjini kwao nao ukaenda. Glafira hakuamini mpaka alipofika tarehe tisa Mei, siku ya ushindi wa Wasovieti, na maua yake mekundu, kama kila mwaka, akakuta udongo umesawazishwa na mbegu za nyasi zimemwagwa. Baba yake alikuwa akisimama pale kwa magongo yake, mguu mmoja, medali kifuani. Kaburi lake lenyewe liko Pskov, nchini Urusi, na mpaka wa kwenda Pskov siku hizi hauvukiki kirahisi. Basi Glafira alichukua maua yake na machozi yake, akaenda navyo mahali pekee alipopajua, jikoni kwa Velta.

Na Velta, Mungu amsamehe, akamwambia: "Nusu mpelekee Hitler. Si waligawana kila kitu nusu kwa nusu?"

Glafira aliweka maua mezani, akatoka. Velta aliyatia kwenye maji, akayabadilishia maji kila asubuhi mpaka yakanyauka, lakini kumfuata mwenyewe hakumfuata. Alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka themanini na kiburi chake hakikuwa kimezeeka hata siku moja.

Sasa akaitupa reki. Akapanda baiskeli yake, palipo na kilima akaisukuma, na njia nzima alikuwa akinung'unika peke yake. Ng'ambo ya ziwa! Jumapili ilikuwa sikukuu ya makaburi, padri anakuja na maji yake ya baraka, parokia nzima inakaa kando ya watu wao, na kila mtu angeona nani hayupo. Lakini aibu haikuwa ndiyo iliyomuuma. Kilichomuuma ni Rodion kulala peke yake bila mama yake.

Glafira alikuwa anachemsha jamu. Hakugeuka.

"Ukijipangusa miguu, ingia."

"Nimesikia umepata msonobari," Velta alisema.

"Alfons ana mdomo kama ndoo iliyotoboka."

"Mwache Alfons. Nimekuambia uhame mimi? Nimekunyima nafasi? Nilikuambia neno baya, naam, nililisema. Nisamehe. Lakini mtu anamwacha mwanawe kwa sababu ya neno moja la bibi kizee mpumbavu?"

"Siyo la Hitler, mkwe," Glafira alisema, bado anakoroga. "Lile nililia usiku mmoja, kesho yake nikacheka. Kejeli yako ilikuwa kali, tena nikikumbuka uso wako."

"Basi nini?"

Glafira aliinua sufuria, akaiweka kando, akafuta mikono kwa aproni. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa mvuke.

"Msalaba wa baba yako umeandikwa nini?"

Velta aliyajua maneno yale kama anavyojua jina lake. Baba yake alichukuliwa na watu wa Stalin Juni ya arobaini na moja, yeye akiwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, ambaye usiku ule alikuwa amelala kwa dada yake ndipo wakaokoka. Baba alifia kwenye kambi ya kukata miti huko Ural na mwili haukurudi. Nchi ilipopata uhuru wake tena mama alisimamisha msalaba juu ya kaburi lisilo na mtu, akaandika kwa mkono wake: *Donats. Aliuawa na Warusi.*

"Ni mama yangu aliyeandika," Velta alisema.

"Mama yako namheshimu. Alikuwa na haki, angeandika hata kwa kisu. Lakini mama yako alishakufa, na kila Pasaka unayapaka upya wewe. Na nani anakushikia kopo la rangi?"

Velta alijipangusa miguu mara ya pili.

"Nani, mkwe?"

"Wewe," Velta alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi. Rodion amelala hatua mbili kutoka pale. Rodion Yefimovich, jina la Kirusi tupu, ndivyo jiwe lake linavyosema. Kila nikikaa kumpa yai lake, nainua macho nasoma. Nimenyamaza kwa sababu baba yako aliuawa kweli, sina cha kujibu. Lakini kulala hapo mpaka siku ya kiyama, nikisomewa hayo kama mashtaka? Nimechoka, Velta."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Velta alikaa kwenye stuli bila kukaribishwa. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amehesabu nyayo za Glafira mchangani, na maneno yake mwenyewe hakuyaona.

"Lakini ni kweli," alisema mwishowe, maana hakuwa mtu wa kusalimu amri haraka. "Nikiyafuta, watakaokuja baadaye watasema alikufa kwa mafua. Ninyi hamtaki hata kukubali mwaka wa vita kuanza!"

"Nani kakuambia sikubali?"

"Wewe! Kila Jumapili!"

Glafira alivuta kiti akakaa karibu, magoti yakagusana. "Baba aliniambia siku moja tu, tukiwa tunawatoa samaki magamba. Septemba ya thelathini na tisa alikuwa kijana wa miaka ishirini, waliingizwa Poland kutoka upande huu na Wajerumani wakatoka upande ule, wakakutana darajani. Mjerumani mmoja akampa sigara. Wakapigana mabega, wakacheka. Miaka mitano baadaye, hapa hapa kwetu, kombora la Wajerumani likamchukua mguu. Akaniambia kwa jina langu la utotoni: Glasha, ile sigara nilivuta mpaka mwisho, na ilikuwa tamu. Akalia. Sikuwahi kumwona analia, hata alipoanguka na magongo yake kwenye barafu."

"Na hukuniambia!"

"Nikupe fimbo unichape nayo kila tunapokunywa kahawa? Nakujua wewe." Macho yake yalijaa. "Nikikubali mbele yako, mkwe, baba yangu anakuwa nani? Mnara wameubomoa. Pskov siendi. Ananibakia kwenye mdomo wangu tu."

"Anakuwa baba yako," Velta alisema. "Atakuwa nani tena? Baba yako, aliyepewa sigara na mtu mbaya, kisha akalipa kwa mguu. Mimi simchukii huyo. Ningemjua, ningemkaangia samaki wake."

Jamu ilianza kuganda sufuriani, na Glafira aliyekuwa hajawahi kuiharibu jamu maishani mwake aliiacha igande.

"Siahidi kitu," alisema Velta alipoinuka. "Yale ni maneno ya mama."

"Sijakuomba uahidi."

Velta hakulala vizuri siku zile. Alizungumza na picha ya mama yake, akaigombeza, akaiomba radhi, akaigombeza tena. Mama yangu, alisema, uliandika hivyo kwa sababu ulikuwa na uchungu na kipande kidogo cha ubao. Mimi nina uchungu huohuo, lakini pia nina Glafira, na wewe hukuwa naye.

Jumapili padri alifika, bendi ya tarumbeta ikajipanga chini ya miti, watu wakakaa kwenye mabenchi yao wamevaa vizuri. Velta alikaa peke yake, vidole vina rangi nyeusi, na nyingine ilikuwa imeingia kwenye gauni lake la sikukuu. Ibada ilianza. Glafira hakuonekana. Padri alipita na maji ya baraka, akanyunyiza kwa Rodion, akanyunyiza kwa Donats, akatazama msalaba, akamtazama Velta, akapita.

Wimbo wa mwisho ulipokuwa ukiimbwa ndipo Glafira alipotokea langoni na kitambaa chake cha maua, anatweta, na mfuko mkononi. Alikuja moja kwa moja, akipita juu ya mchanga uliopigwa reki, na Velta safari hii hakutaja ng'ombe. Glafira alisimama mbele ya msalaba akasoma kwa sauti, kwa Kilatvia chake kilichovunjika, polepole kama mtoto wa shule:

"Donats. Aliuawa na utawala wa Stalin, uliogawana nchi za majirani na Hitler."

Watu wa mabenchi ya karibu waligeuka. Bibi mmoja alinong'ona kitu.

"Hitler umemweka wa nini?" Glafira aliuliza. "Yeye hakumuua baba yako."

"Nimemweka ili usiniletee tena arobaini na moja yako."

Glafira aliangalia maneno yale kwa muda mrefu. Kisha alitikisa kichwa kukubali. Siyo kwa haraka, na siyo kwa furaha. Akakunja mikono kifuani akainama mbele ya msalaba wa Donats, kwa kina, kama wanavyoinama kwao mbele ya wafu wao wenyewe. Velta alianza kulia na hakujaribu kujizuia.

Glafira akakaa kando yake kwenye benchi dogo, akamsukuma kwa nyonga apate nafasi, akatoa mayai.

"Herufi zimepinda," alisema.

"Mkono unatetemeka. Ungeshika kopo, ningenyoosha."

"Msonobari nimemwambia Alfons ampe mwingine." Alimenya yai, akampa Velta nusu. Akatazama mchanga mtupu kando ya mwanawe, halafu upande wa pili, chini ya msalaba, ambapo Velta angelazwa. "Mkwe, mimi nikitangulia kufa, utabaki unagombana na nani?"

Velta alifungia maganda ya yai ndani ya leso yake.

"Kwa hiyo usitangulie," alisema, na hakuwa anatania.