Majani Makavu Uani Temeke

Siku ya nne mchwa walikuwa wameshapanda ukuta, na njia yao ya udongo imekaribia dirisha. Nilisimama na jembe mkononi, nikajiambia, Avelina, leo umepatikana.

Ilikuwa Februari mwaka wa hamsini na mbili, nyuma ya chumba tulichopanga Temeke. Mume wangu, Revelian, alikuwa karani bandarini. Mama yake alikuwa ameandika kutoka Bukoba kwamba mgongo unamuuma, maharage yanamshinda, mkwe wake arudi. Revelian akaona sawa. Alisema mke wa mjini asiye na shamba kazi yake ni kukaa barazani na kusengenya watu. Maneno hayo yalinichoma. Nilikuwa nimekaa na mume wangu miezi saba tu, na nilimpenda, sioni haya kusema. Nikamwomba anipe mpaka Pasaka. Siku hiyo asipokula mboga ya uani kwangu, nitapanda treni bila kulia. Akacheka, akakubali.

Mie jembe sikufundishwa na mtu wa barabarani. Nililima siku mbili, nikachanganya samadi, nikainua matuta manne yaliyonyooka. Kisha nikatandaza majani makavu mpaka udongo usionekane, ili ardhi ipoe na kulainika kabla ya mbegu. Kwetu migombani mwanamke anayeacha udongo uchi huitwa mvivu, na mama yangu hakuzaa mvivu.

Bi Hija, mwenye nyumba wetu, Mzaramo mwenye utani mwingi, alipita akaguna. Akaniuliza kama watu wa bara huwatandikia mchicha kitanda. Nikamjibu kwamba mchicha wangu utalala pazuri kuliko wapangaji wake. Tulicheka sana. Laiti ningemuuliza aliguna nini.

Sasa, siku ya nne tangu niyatandaze majani, mchwa walikuwa wanaziendea fito za nyumba yake. Angeweza kutufukuza siku ileile, na Revelian asingekuwa na haja ya kungoja Pasaka. Ningeweza kukwangua ukuta na kunyamaza. Nikaona hapana, mficha maradhi kifo humuumbua. Nikaenda kubisha hodi.

“Shikamoo, Bi Hija. Nimekuharibia ukuta.”

“Marahaba.” Alikuja, akainama, akafunua majani kwa kidole. “Kwenu ardhi ina baridi, majani yanaoza. Hapa hayaozi, yanaliwa. Toa yote, mwanangu.”

Niliyatoa. Roho iliniuma, niliona kama namkana mama yangu. Tuliyachoma mbali na nyumba, majivu nikayarudisha kwenye matuta, ukuta nikaukandika upya kwa mikono yangu. Bi Hija akanipa mbegu za mchicha, akanionyesha kuzichanganya na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja.

Lakini jua la Temeke lilikuwa kali, na kivuli bado nilikitaka. Nikachomeka vijiti, nikalaza makuti juu yake, yasiguse ardhi hata kidogo. Bi Hija alisimama akayatazama kwa muda mrefu.

“Hilo sikukufundisha mie,” alisema, na safari hii hakuguna.

Asubuhi na jioni nilimwagilia kwa maji ya kisima. Mvua za masika zilipoanza, nikaondoa makuti, na mchicha ukanyanyuka wenyewe.

Siku ya Pasaka, baada ya misa, niliupika kwa nazi. Revelian alikula. Akaongeza. Akaongeza tena, sahani akaifuta kwa kidole, yeye aliyekuwa akijiona mstaarabu. Nilikusanya vyombo, naye akavuta karatasi na kalamu.

Masista wa misheni walikuwa wamenifundisha kusoma, jambo ambalo mume wangu alikuwa akilisahau. Nilipita nyuma yake taratibu na karai langu. Alikuwa ameandika: “Mama, tafuta kibarua wa kukuvunia maharage. Avelina hawezi kuja, ana shamba lake.”